Siku 45 za Waseme

Mbwa wetu anaitwa Waseme. Jina hilo nilimpa mwaka ule mume wangu alipofariki na maneno yakawa mengi kuliko rambirambi: kwamba nimeikalia nyumba, kwamba sitaki kurudi kwetu, kwamba mwanamke mwenye mshahara wa ualimu hajui kuomboleza. Jirani mmoja, mzee wa makamo, aliniletea mtoto wa mbwa mwenye rangi ya udongo na mguu mmoja mweupe. Akaniambia, "Mwalimu, nyumba imebaki haina sauti. Chukua hii." Nikamwita Waseme. Kila jioni nilipotoka mlangoni kumwita aje ale, mtaa mzima ulinisikia.

Miaka minne baadaye, Jumapili moja ya Januari, Waseme alisimama kati ya mwanangu na mbwa mwenye kichaa. Yaliyofuata yalichukua siku 45, yakala karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi, na yakanionyesha kwamba mambo mengi niliyoyafanya siku ile kwa nia njema yalikuwa makosa. Nayaandika kwa ajili ya yeyote mwenye mtoto na mbwa katika nyumba moja.

Tunaishi nje kidogo ya Mugumu, wilayani Serengeti. Huku mbwa si pambo. Anachunga, anabweka fisi akisogelea zizi, analala nje mvua ikinyesha. Hafungwi, na watu wengi hawamgusi. Mwanangu yeye alimgusa Waseme tangu siku ya kwanza. Alijifunza kusoma akiwa ameegemea mgongo wake.

Jumapili ile, kama saa kumi jioni, mtoto alikuwa anatoka kisimani na ndoo ndogo kichwani. Ana miaka 9. Mimi nilikuwa uani nachambua mchicha, na kidole changu cha shahada kilikuwa na jeraha la kisu la asubuhi. Likumbukeni jeraha hilo.

Nilimwona yule mbwa mgeni kabla sijamwelewa. Alitokea upande wa mashamba ya mtama, anapepesuka kama mlevi, taya limelegea, udenda umening'inia mpaka kifuani. Alipita katikati ya kuku wangu bila kuwatazama. Akaung'ata mti wa uzio, akauachia, akaung'ata tena. Leo ningepiga kelele papo hapo. Siku ile niliwaza kwamba mfupa umemkwama kooni, na nikamwonea huruma. Baadaye bwana mifugo aliniambia kuwa wapo watu waliokufa kwa huruma hiyo, walioingiza mkono kinywani mwa mbwa wa namna ile ili wamtoe mfupa ambao haukuwepo.

Alimrukia mwanangu kwa nyuma. Ndoo ikaanguka. Waseme alikuwa amelala chini ya mwarobaini, na sijawahi kuona kiumbe kikiruka kutoka usingizini kwa kasi ile. Hakubweka. Huyu ni mbwa anayebwekea bodaboda, anayebwekea mbuzi wa jirani, anayeubwekea hata mwezi. Siku ile alikwenda kimya. Alimgonga yule mbwa ubavuni wakabingirika wote wawili hadi kwenye matope ya ndoo iliyomwagika. Yule mgeni alikuwa mkubwa kumzidi kwa mbali. Alimchana sikio, akamng'ata bega, akamtikisa kama kitambaa. Waseme ana mbio, angeweza kukimbia na mtu asingemlaumu. Kila alipochomoka alirudi palepale, mbele ya mtoto, miguu imetanuka, manyoya ya mgongo yamesimama wima. Alirudi mara tatu, nilihesabu. Mara ya tatu alikuwa anachechemea.

Wanaume wakaja na marungu. Wakammaliza yule mbwa, wakamkokota kwa kamba, wakamtupa kwenye shimo la choo cha zamani. Wote tulishusha pumzi.

Sasa makosa yangu.

Nilimkimbilia mwanangu, nikamkagua mikono, shingo, mgongo. Sikuona damu, nikasema, "Mungu mkubwa." Kwenye shavu la mguu wa kushoto palikuwa na mkwaruzo mfupi kama wa mwiba, umetoa tone moja tu. Nilipangusa kwa pindo la khanga. Kisha nikamgeukia Waseme, nikapiga magoti, nikamkumbatia huku nalia, nikamsafisha sikio na bega kwa mikono mitupu. Manyoya yake yalikuwa yameloa mate ya yule mbwa. Na kidole changu kilikuwa na jeraha wazi.

Mzee mmoja akaleta kitunguu saumu kilichotwangwa tumpake mtoto. Nikampaka. Namheshimu mzee yule na najua alitaka mema, lakini tulipoteza karibu saa mbili tukibandika kitunguu badala ya kuosha.

Aliyetuokoa na ujinga huo ni muuguzi wa zahanati yetu, ambaye namfundishia mwanawe. Nilimpigia simu kumsimulia tu, kama mtu anavyosimulia ajali iliyopita salama. Akanikatiza. "Mwalimu, mmeosha kwa sabuni? Kwa maji yanayotiririka? Kwa dakika ngapi?" Nikanyamaza. Akasema virusi vya kichaa cha mbwa vinakaa kwenye mate, na sabuni inaviharibu kabla havijapenya, kwa hiyo nioshe dakika 15 kwa kuangalia saa, si kwa kukadiria. Nikatumia kibuyu chirizi tulichokuwa nacho chooni, kile cha dumu lililotobolewa. Mtoto alichoka, alilia, alisema mguu unauma kwa baridi, nami nikaendelea huku naangalia simu. Kisha nikaosha kidole changu vilevile. Ukisahau yote mengine niliyoandika humu, shika hili: sabuni, maji yanayotiririka, dakika 15, hata kama ni mkwaruzo unaouonea aibu kuuonyesha hospitali.

Alinionya jambo la pili lililoninyima usingizi. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, hautibiki. Kwa kawaida dalili huja baada ya miezi miwili au mitatu, ila zinaweza kuja baada ya wiki, zinaweza kukaa hata mwaka. Kabla ya dalili kuna mlango wazi, nao ni chanjo. Zikitokea, mlango umefungwa.

Jumatatu asubuhi nilimpakia mtoto kwenye bodaboda, tukaenda kwanza kituo cha afya cha jirani kwa kuwa ndicho cha karibu. Tulikaa foleni hadi saa sita mchana kuambiwa kwamba hawana chanjo. Ningepiga simu ningejua. Chanjo ya kichaa cha mbwa haiko kila mahali, na nusu siku iliyopotea kwenye benchi ni nusu siku uliyomwachia adui. Tulipofika hospitali kubwa ilikuwa imebaki dozi moja.

Dozi moja, watu wawili. Nilisema "huyu" kabla daktari hajamaliza sentensi. Lakini sitaficha kwamba nilipotoka nje nilikaa chini ya mti nikatetemeka, kwa sababu nilijua pia kwamba mtoto huyu hana baba.

Mama mkwe alikuwa amenipigia simu njiani akinisihi nisikubali wamchome mjukuu wake sindano za tumboni. Wazee wengi wanaikumbuka enzi hiyo, na woga huo bado unawazuia watu kwenda hospitali. Siku hizi haichomwi tumboni. Mwanangu alichomwa begani, kama chanjo nyingine yoyote. Daktari alipomwona amekunja uso akamwambia kwamba mtoto wa kwanza kusifika duniani kwa kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa alikuwa na miaka 9 kama yeye, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mwaka 1885 akapelekwa Paris kwa Louis Pasteur, naye akapona. Mwanangu akauliza, "Na yule mbwa wake alipona?" Daktari akacheka, akamwambia hakuwa mbwa wake. Mtoto hakuridhika. Njia nzima alikuwa anamuulizia Waseme.

Ratiba yetu ilikuwa sindano nne: siku ya 0, ya 3, ya 7 na ya 14. Siku ya 0 ni ile ya sindano ya kwanza, si siku ya kung'atwa. Mimi mwenyewe nilikosea kuhesabu. Yangu ilianza Jumatano, dozi zilipoletwa, kwa hiyo ya pili ikaangukia Jumamosi. Niliuliza mapema kama kuna mtu wa chanjo siku hiyo, nikakuta hayupo, wakanipangia muuguzi wa zamu. Andika tarehe zako zote siku ya kwanza, uulize kila moja. Kuna pia dawa inayodungwa kuzunguka jeraha lenyewe, inayofanya kazi wakati mwili unasubiri chanjo. Tuliambiwa haipo, na tukaambiwa ndiyo maana kuosha na kuwahi ni muhimu zaidi.

Kila sindano ilikuwa shilingi 30,000. Mara nne, watu wawili: 240,000. Nauli za bodaboda kama 70,000. Nilikopa kwenye kikoba, na sioni aibu kulisema. Hospitali nyingine huchoma kiasi kidogo ndani ya ngozi, chupa moja ikahudumia watu kadhaa, na gharama hupungua. Inafaa kuuliza.

Tuliporudi Jumatatu ile jioni nilikuta watu uani kwangu. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, na wanaume wawili wa marungu ya jana. Hawakuja kwa ubaya. Waliniambia kwa upole kabisa kwamba Waseme lazima auawe kabla hajageuka.

Yeye alikuwa amefungwa kwenye mwarobaini kwa kamba ya ng'ombe, sikio limevimba, na alipotuona alitikisa mkia hadi kiuno kikatikisika. Mwanangu akaniachia mkono.

Nikaomba tumsubiri bwana mifugo. Alifika giza linaingia, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya Waseme. "Kichwa cha yule mbwa kiko wapi?" Tukatazamana. Ubongo ungepelekwa maabara, tungejua kwa hakika, lakini wenyewe tulikuwa tumeutupa chooni. Kama mbwa wa namna hiyo ameuawa kijijini kwenu, msimchome moto wala msimtupe, na msimguse kwa mikono. Mfunikeni, mpigieni simu mtaalamu wa mifugo, yeye anajua namna ya kuchukua sampuli. Kwa dalili tulizomweleza alituambia tumhesabu kuwa alikuwa na kichaa, na mambo yote yaende hivyo.

Kisha akauliza, "Mwalimu, mbwa wako ana kadi?"

Hapa naona aibu mpaka leo. Wilaya yetu ina bahati. Tangu mwaka 2003 vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti vimekuwa vikifikiwa na kampeni za kuchanja mbwa, maana kichaa kinaua watu, kinaua ng'ombe, na kinaua hata mbwa mwitu porini. Chanjo ni bure. Mwaka uliotangulia gari la matangazo lilipita mbele ya nyumba yangu, nikasema nimalize palizi kwanza. Nilidhani pia kwamba mbwa akichanjwa mara moja imetosha maisha yake yote, kwa hiyo sikuona haraka. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa safarini, sikujua hata kama kulikuwa na kampeni.

Nikajibu, "Hana."

"Anayo," mwanangu akasema.

Akakimbia ndani, akarudi na lile kopo la bati anakoweka vitu vyake: vifuniko vya soda, picha ya baba yake, kalamu zilizokwisha. Chini kabisa palikuwa na kadi ya Waseme. Alikuwa na miaka 7 alipomfunga kamba akampeleka uwanja wa shule akiwa na watoto wenzake, akasimama foleni, akamshika kichwa wakati anachomwa. Hakunieleza kwa sababu nilimkataza kwenda mbali. Kwenye nafasi ya jina la mwenye mbwa waliandika jina lake.

Bwana mifugo aliisoma kwa tochi ya simu, akaigeuza, akaisoma tena. Akasema muda wa chanjo umepita, lakini rekodi ipo, na mwili wa mbwa aliyewahi kuchanjwa unakumbuka. Angemchanja tena palepale, halafu siku 45 za uangalizi. Bila kadi, mbele yetu kulikuwa na mambo mawili tu: kumuua, au kumtenga kwa miezi minne au zaidi mahali pasipogusika, na alijua sina mahali hapo. Mwenyekiti alikubali. Wanaume wakachukua marungu yao wakaenda zao, na mmoja wao kesho yake aliniletea mabanzi ya kujengea banda.

Jirani wa pili kutoka kwangu, ambaye mbwa wake aling'atwa asubuhi ya siku ileile, hakuwa na kadi. Nilisikia mlio. Alikuwa mbwa mzuri.

Masharti yalikuwa magumu. Banda lenye mlango wa wavu. Mtu mzima mmoja tu wa kumlisha, yaani mimi, bakuli nikilisukuma kwa fimbo. Mtoto asimguse. Nikiona amebadilika sauti, anatoa udenda, anashindwa kumeza, anang'ata mbao, au hata amekuwa mpole na mnyonge kupita kawaida, nisimsogelee, nipige simu. Hilo la mwisho sikulijua. Nilidhani kichaa lazima kiwe ukali, kumbe kuna mbwa wanaonyong'onyea tu, taya linalegea, wanakufa.

Wiki ya kwanza Waseme alilia usiku kucha. Hakuelewa amekosa nini. Mwanangu alitafuta dawa yake mwenyewe: alichora mstari kwa majivu, hatua nne kutoka bandani, akaweka kigoda nyuma ya mstari, na kila akitoka shule alikaa pale akimsomea kitabu cha Kiswahili kwa sauti. Siku ya tano mbwa aliacha kulia. Alilala pua ikiwa kwenye wavu, masikio, lile zima na lile lililochanika, yameelekea kigodani.

Siku ya 19 hakula.

Nilisukuma ugali na dagaa, akanusa, akageuka. Nilisukuma maziwa, akageuka. Sikumwambia mtoto. Usiku ule nilikaa jikoni bila taa na kujiuliza nitamweleza nini asubuhi. Nilijipima mwenyewe pia, kama nilivyokuwa nikijipima kila kichwa kiliponiuma: nilichota maji kikombe kimoja, nikanywa polepole, nikisikiliza koo langu. Nadhani kila aliyepitia haya amewahi kunywa maji ya namna hiyo peke yake gizani.

Alfajiri nilimkuta anakunywa maji. Alimeza vizuri, bila kukwama. Nilipiga simu hata hivyo. Bwana mifugo alimvika kifunga mdomo, akavaa glovu, akagundua sikio limetunga usaha kwa ndani na shavu zima linamuuma akitafuna. Akalitumbua, akamdunga dawa. Jioni alikula. Nilikuwa nimetumia siku 19 kutazama dalili za ugonjwa mmoja nikasahau kwamba majeraha ya kawaida nayo yanaua.

Wiki ya sita ndama wa familia moja upande wa kisimani alianza kulia kwa sauti ya ajabu, akagoma kunyonya, akafa. Walitaka kumchuna. Bwana mifugo aliwahi, nyama ikafukiwa, na waliomshika mdomoni wakapelekwa hospitali. Kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini nasumbuka na mbwa. Bwana mifugo alitumia nafasi hiyo kwenye mkutano wa kitongoji: mkichanja mbwa 70 katika kila 100, alisema, ugonjwa unakosa pa kupita. Nimejitolea kuandika orodha ya mbwa wa kitongoji chetu. Mpaka sasa ninao 112, na wenye kadi ni 61. Orodha ipo ukutani darasani kwangu, na watoto ndio wanaoniletea majina.

Siku ya 45 ilikuwa Alhamisi. Bwana mifugo alimtazama Waseme kwa muda mrefu, akamrushia kipande cha mhogo, akamtazama anavyotafuna. "Haya mwalimu, mfungulieni." Nikampa mtoto ile komeo.

Nilidhani atachomoka kama mshale. Alitoka hatua kwa hatua, akanusa mstari wa majivu, akauvuka, akamweka mwanangu kichwa tumboni, wakabaki hivyo. Mimi nilijifanya natafuta kitu jikoni.

Jioni mtoto alichukua ndoo kwenda kisimani. Waseme akatangulia, anachechemea kidogo. Walipofika pale ndoo ilipomwagika siku ile, alisimama. Manyoya ya mgongo yakainuka. Alisimama hivyo akiuangalia upande wa mtama mpaka mwanangu alipopita, kisha akamfuata.